Ruzuku Ifuate Betri, Isifuate Paa

Juu ya mabati ya kituo chetu cha vijana hapa Kakuma kuna paneli sita za sola. Ukipita mchana utasema hawa watu wamebarikiwa. Sasa pita saa moja na nusu usiku. Utatukuta tumekaa gizani, simu tatu zimeegemezwa kwenye chupa za maji, kila simu inamulika daftari moja, na wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha nne wanasukumana wapate mwanga. Paneli zipo. Jua la Turkana halijawahi kwenda likizo. Kilichokufa ni betri.

Nimeamua kuandika juu ya betri kwa sababu nimechoka kusikia watu wakubwa wakituambia kwamba jua ni la bure na ni la wote. Jua ni la wote mchana. Usiku jua ni la mwenye betri. Na serikali, hapa Kenya na huko nchi tajiri, zina mipango ya kupunguzia watu bei ya betri. Mimi nasema mipango hiyo, jinsi ilivyoandikwa, inampunguzia yule ambaye angeweza kununua hata bila kupunguziwa. Na nasema pia kwamba kuibadilisha si jambo gumu. Naomba ndugu msomaji unisikilize mpaka mwisho kabla ya kusema kijana huyu analalamika tu.

Mimi si fundi wala si mwanauchumi. Nilizaliwa Baraka, kule Fizi, nikaletwa hapa nikiwa mtoto, nikamaliza kidato cha nne hapa hapa kambini. Kazi yangu ni vijana: mpira jioni, masomo usiku, na kusuluhisha ugomvi katikati. Wananiita mwalimu ingawa sijasomea ualimu. Mambo ya betri niliyajua kwa njia ambayo wengi wetu tunajua mambo, yaani baada ya kuharibikiwa.

Mfumo wetu uliletwa na shirika moja miaka minne iliyopita. Siku ya uzinduzi tulipiga ngoma, tukapiga picha, kikapigiliwa kibao chenye nembo. Zilikuja betri mbili za jeli, kila moja volti 12 na ampea 100 kwa saa. Ukizidisha unapata wati 1,200 kwa saa, ambayo ni yuniti moja na kidogo, yuniti ile ile ya tokeni za stima. Betri mbili ni yuniti 2.4. Inaonekana kidogo, lakini hesabu nasi: taa nane za LED za wati tano, zikiwaka saa nne, zinakula yuniti 0.16 tu. Tulikuwa na taa, tulikuwa na kompyuta mbili za mkononi, tulichaji simu za majirani kwa shilingi 20, na hela hiyo ilinunua chaki na sabuni. Mwaka ule wasichana walianza kuja masomo ya usiku, kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa na taa mlangoni.

Mwaka wa tatu betri zikaanza kuzima saa tatu, baadaye saa mbili, baadaye jua likizama tu nazo zinazama. Hakuna aliyeziiba na hakuna aliyezichezea. Betri hizi ndani yake zina risasi, si ile tuliyoikimbia, ni ile metali nzito, na betri ya risasi haipendi joto. Mafundi wana kanuni yao: joto likizidi nyuzi 25, kila nyuzi kama 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya betri kwa nusu. Kakuma nyuzi 35 ni siku ya kawaida. Kwa hiyo betri iliyopaswa kuishi miaka sita ikaishi mitatu, kama ilivyotabiriwa na mtu yeyote ambaye angeuliza.

Tulirudi kwa wale waliotuletea. Tukaambiwa kwa upole kabisa kwamba mradi umefungwa. Bajeti yao ilikuwa na mstari wa kununua, haikuwa na mstari wa kubadilisha. Kibao chenye nembo bado kipo, na mchana kinang'aa vizuri.

Basi tukachanga. Huyu kumi, yule hamsini, tukapata 3,500, tukanunua betri ya gari iliyotumika. Ilidumu miezi minne. Baadaye fundi mmoja akanieleza kosa letu. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, iwashe injini, halafu injini iijaze tena. Ukiikamua usiku kucha, kila usiku, unaiua. Betri ya sola, ile ya kutumika taratibu mpaka ndani, imetengenezwa tofauti. Na ile ya lithiamu inavumilia zaidi, unaweza kuitumia karibu yote na kuijaza tena mara elfu kadhaa. Lakini nani katika blogi yetu ananunua lithiamu? Tunanunua za gari, kwa sababu ndizo zinazolingana na mfuko, na zikifa tunanunua nyingine. Ukijumlisha miaka mitatu ya betri za gari zilizotumika utakuta tumelipa zaidi ya mtu aliyenunua nzuri mara moja. Maskini hulipa kidogo kidogo, na jumla yake inamshinda tajiri.

Nikaenda mjini kuulizia betri mpya ya sola. Ampea 100, shilingi 19,000. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo, 46,000. Nikamwambia mwenye duka, "Mzee wangu, mimi nimesoma kwamba serikali imeondoa kodi kwenye betri za sola. Sasa mbona bei iko hivi?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Mwalimu, hiyo habari inakaa Nairobi. Mimi nanunua kwa mtu wa Kitale. Wa Kitale ananunua kwa mtu wa Nairobi. Wa Nairobi ananunua kwa aliyetoa kontena Mombasa. Mpaka ifike hapa, bei imeshambeba kila mtu aliyeishika."

Nikamuuliza, "Na hii ya gari, VAT imeondolewa?"

"Hiyo? Hiyo iko na VAT kama kawaida."

Nililala na jibu hilo. Kesho yake nikaanza kutafuta hiyo sheria inasemaje.

Kenya ilikuwa imesamehe VAT kwenye vifaa vya sola kwa miaka, zikiwemo betri za kuhifadhi nguvu ya jua. Sheria ya Fedha ya 2020 ikauondoa msamaha huo, katikati ya korona, wakati watu hawana kazi. Mwaka mmoja baadaye, Sheria ya Fedha ya 2021 ikaurudisha. Halafu Sheria ya Fedha ya 2023 ikaweka betri za sola na za lithiamu kwenye kiwango cha sifuri. Kuna tofauti hapa ambayo wauzaji wanaijua na sisi hatuijui. Kitu kikisamehewa VAT tu, muuzaji hawezi kurudishiwa VAT aliyolipa yeye kwenye gharama zake, kwa hiyo anaificha ndani ya bei. Kikiwa kwenye kiwango cha sifuri, anaweza kuidai irudi. Lakini kwa vyovyote vile, faida inaanzia kwa mwenye kampuni na vitabu vya hesabu, na kutoka hapo tunaombwa tuamini kwamba itashuka yenyewe mpaka Kakuma.

Sasa sikia jambo ambalo lilinikata pumzi. Sheria hiyo hiyo ya 2023, iliyoshusha VAT ya betri za lithiamu mpaka sifuri, ndiyo iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Fikiria hapa kwetu nani anatumia nini. Wengi wetu tunanunua stima kwa jirani mwenye jenereta ya dizeli. Unalipa kwa mwezi, kwa kila taa, na saa nne au saa tano usiku anazima. Dizeli ikipanda, jirani anapandisha. Kwa hiyo kwa kalamu moja mwenye hela ya lithiamu alipunguziwa, na asiye na hela ya lithiamu akaongezewa. Sidhani kuna mtu alikaa Nairobi akasema tuwaumize watu wa kambini. Nadhani ni mbaya zaidi ya hapo: hakuna aliyetukumbuka.

Na hata pale msamaha unapofika, tazama unavyogawanyika. Hoteli kubwa ikinunua betri za milioni 2, asilimia 16 ni shilingi 320,000. Mama anayeuza mandazi usiku akinunua taa ya sola ya 2,000, asilimia 16 ni shilingi 320. Tunaambiwa wote wawili wamesaidiwa na serikali. Ni kweli, kama vile mvua inavyowasaidia mwenye tangi na mwenye kikombe. Sisemi hoteli isisamehewe. Ikiacha dizeli, moshi unapungua na sote tunapumua. Nasema tu tuite kitu kwa jina lake. Msamaha wa kodi unamzawadia mnunuzi kwa kadiri ya ukubwa wa mfuko wake. Kwa asiye na mfuko hakuna zawadi.

Labda utasema hiyo ni Afrika, huko kwa wenzetu mambo ni mazuri. Binamu yangu alipata nafasi akahamishiwa Australia, yuko Adelaide. Mwaka jana akanitumia sauti kwenye simu, amefurahi kweli: tangu tarehe 1 Julai 2025 serikali yao inapunguza bei ya betri za nyumbani kwa karibu asilimia 30. Na kitu kizuri, hapo nawapongeza, punguzo linakatwa na anayekufungia. Huhitaji kusubiri hela irudi. Nyumba, biashara ndogo, hata vituo vya jamii vinaruhusiwa. Nikamwambia, "Kaka, sasa wewe umefunga ya ukubwa gani?" Akanyamaza kidogo. "Mimi napanga, bwana. Paa ni la mwenye nyumba."

Ona hapo. Alikimbia vita, akavuka maziwa, akakaa Kakuma miaka tisa, akapanda ndege, na bado ruzuku inamuuliza swali lile lile: paa lako liko wapi?

Na kuna sharti lingine nililolisoma mara mbili. Mpango wa Australia unaanzia betri ya yuniti 5 kwenda juu. Marekani walikuwa na wao pia, asilimia 30 iliyokatwa kwenye kodi ya mapato ya mwenye nyumba, na betri ilitakiwa iwe angalau yuniti 3. Tena ilikuwa inakatwa kwenye kodi unayodaiwa; kama kipato chako ni kidogo na hudaiwi, hakuna cha kukatwa. Mpango huo ulifungwa mwisho wa 2025. Sasa rudi kwenye kituo chetu. Betri zetu mbili, zikiwa mpya, siku ya ngoma na picha, zilikuwa yuniti 2.4. Wanafunzi kumi na wanne, kompyuta, simu za mtaa mzima, na kwa vipimo vya nchi hizo mbili sisi tulikuwa wadogo mno kusaidiwa. Najua hawakuandika sheria zao kwa ajili ya Turkana. Lakini wataalamu wanaokuja huku kutuandikia miradi huja na mifano ya huko, ndiyo maana nayataja.

Kote ni mchoro mmoja. Serikali inatafuta kwanza nyumba, hati ya ardhi, namba ya mlipa kodi, kampuni iliyosajiliwa. Ikivikosa, inasema hapa hakuna mtu. Lakini betri haihitaji vitu hivyo. Bomba la maji linahitaji ardhi. Nguzo ya stima inahitaji ardhi. Betri inahitaji kona yenye kivuli. Katika vitu vyote ambavyo serikali inaweza kutoa ruzuku, betri ndicho kitu ambacho mkimbizi anaweza kukibeba. Mama yangu alipotoka Baraka alibeba sufuria, blanketi na mimi. Angekuwa na betri ndogo, angeibeba.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii moja tu: ruzuku ifuate betri, isifuate paa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeshayasikia mengi kwenye mikutano.

La kwanza: "Wakimbizi hawalipi kodi, kwa nini wapewe ruzuku?" Nani kasema hatulipi? Kila kipande cha sabuni, kila muda wa maongezi tunaonunua, kila lita ya dizeli ya jirani, VAT iko ndani. Hatuioni kwa sababu haitujii na barua. Tunalipa kama kila mtu. Tofauti ni kwamba wakati wa kurudishiwa ndipo tunaulizwa kitambulisho.

La pili: "Kambi ni ya muda." Kakuma ilifunguliwa 1992. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana watoto shuleni hapa hapa. Betri nzuri ya lithiamu inaishi kama miaka 10. Kambi hii ya muda imeishi zaidi ya betri tatu za namna hiyo, mmoja baada ya mwingine. Na serikali yenyewe imeshaacha wimbo huo. Kuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na mwezi wa tatu 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaosema kambi ziwe makazi ya pamoja na wenyeji, kama miji. Sawa, tumekubali. Lakini mji una usiku. Huwezi kuniambia niwe mkazi wa mji halafu saa nne nizimiwe.

La tatu: "Mkiwapa betri watauza." Ndiyo, wengine watauza. Chakula kilikatwa mwaka 2025, tukagawanywa kwa makundi, nani anapata na nani hapati. Mtu mwenye njaa huuza hata godoro. Dawa ya hilo ni kumpa mtu chakula chake, si kumnyima taa. Na tena, mimi sijasema tupewe bure. Nimesema tupunguziwe kama wengine wanavyopunguziwa, tulipe kidogo kidogo kama wengine wanavyolipa. Kitu ulichokilipia mwenyewe hukiuzi kirahisi.

La nne linatoka kwetu wenyewe. Yule jirani mwenye jenereta aliniambia, "Mwalimu, hizi betri zako zitaniua biashara." Nilimjibu na ninamjibu tena hapa, kwa heshima, maana ni mzee wangu na amewasomesha watoto kwa jenereta ile. Papa, wewe ndiye wa kwanza ninayetaka upewe. Una nyaya, una wateja, unajua nani analipa na nani ni wa maneno. Ukiweka betri na paneli kwenye mtambo wako, mchana jua linajaza, jioni betri inatoa, jenereta unaiwasha kwa saa chache tu. Dizeli inapungua, na saa sita usiku bado unauza. Ruzuku ya biashara isiwe ya hoteli na viwanda tu. Kinyozi ni biashara. Mwenye friji ya soda ni biashara. Duka la dawa lenye friji ni biashara, na hilo likizimika usiku, hasara si ya mwenye duka peke yake.

Na kuna jibu la tano ambalo halisemwi kwa sauti: kwamba tukipata sisi, wenyeji wataona vibaya. Jamani, wenyeji wako gizani pamoja na sisi. Nenda manyatta za Waturkana nje kidogo ya kambi uhesabu taa. Kosa ni kuandika mpango wa wakimbizi peke yao au wa wenyeji peke yao, halafu kushangaa watu wakigombana. Ukifuata betri huna haja ya kuuliza mwenye betri anaongea lugha gani.

Isitoshe, serikali inajua kufanya hivi, haianzi kutoka sifuri. Mradi wa KOSAP, wa serikali ya Kenya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na Turkana ni mojawapo. Sehemu ya fedha zake ilikuwa ya kuzipa motisha kampuni zipeleke sola za nyumbani mahali ambako biashara peke yake isingefika. Walilipwa kwa matokeo. Maana yake wazo la kulipia taa iliyofika, badala ya kusamehe kontena lililotua, limeshakubalika ofisini. Kilichobaki ni kulisogeza mpaka kwenye mlango wa nyumba ya matope.

Wenzangu wa Nakivale na msidhani haya ni ya Kenya tu. Sheria ya VAT ya Uganda nayo inasamehe betri za sola. Nendeni dukani kwenu mkaulize swali nililouliza mimi, halafu mtuandikie mlijibiwa nini. Na wa Nyarugusu ulizeni pia, sheria yenu inasemaje na duka linasemaje.

Mimi naomba mambo manne, nayaandika wazi ili mtu asiseme hatukusema.

Punguzo lionekane kwenye risiti. Mtu alipe dukani bei iliyokwisha kukatwa, na muuzaji ndiye adai kwa serikali. Na kusiwe na kipimo cha chini. Anza na taa moja, panda mpaka friji.

Kadi ya mkimbizi itoshe. Si hati ya ardhi, si nyumba ya kudumu. Na kituo cha jamii, kama chetu, kihesabiwe kama mnunuzi.

Betri ya pili ihesabiwe tangu siku ya kwanza. Mradi wowote unaoleta paneli uweke akiba ya kubadilisha betri, mahali ambapo jamii inaiona. Bila hivyo, mnatupa mapambo ya paa.

Betri iliyokufa iwe na bei. Leo zinatupwa lagani au zinavunjwa uani ili kutoa risasi yake, watoto wakiwa hapo hapo. Risasi ni sumu, inaharibu akili ya mtoto taratibu bila homa. Ukirudisha iliyokufa, upunguziwe kwenye mpya. Utaona zitakavyookotwa zote kwa wiki moja, na vijana wangu ndio watakaoziokota.

Na sisi wenyewe? Sitaki kumaliza nikiwa nimelaumu wakubwa tu. Betri zile za kwanza tungeweza kuziwekea kivuli na hewa, tukaziacha kwenye chumba cha mabati kama mkate kwenye tanuri. Tulichaji simu za mtaa miezi mingi na hatukuweka hata shilingi tano kwa kila simu kwa ajili ya betri ijayo. Hilo ni letu. Sasa tumeanza. Kuna kopo, kuna daftari, na msichana mmoja wa kidato cha tatu ndiye mweka hazina kwa sababu yeye peke yake hakopeshi rafiki zake.

Leo asubuhi alinisomea hesabu. Tuna 11,400. Betri ni 19,000. Tumepungukiwa 7,600, na mtihani wa KCSE ni mwezi wa kumi na moja. Kama lile punguzo la asilimia 30 la Adelaide lingefika kwenye duka la mzee yule, lingekuwa shilingi 5,700. Tungebakiza 1,900 tu. Hiyo tungeichanga kwa wiki moja, na simu zingerudi mfukoni.